KONA YA FUNDI: Gari imegoma kufunguka, na ikiwaka inazima

Mwezi huu katika kona yetu nataka tuongee habari ya gari. Najua kuna mama atasema, "Fundi naye! Sisi gari tutatoa wapi?" Subiri kwanza, mama, usifunge ukurasa.

Vijana wetu wengi waliotoka kambini kuja mjini wako kwenye magereji ya Katwe na Ndeeba, wanashika spana. Halafu siku moja usiku utamkodia mgonjwa gari, na gari hiyo itazima njiani. Na tena kisa cha leo si cha gari peke yake. Ni cha kijana mmoja wa hapo hapo kambini, ambaye alibaki kidogo tu afukuzwe kazi na apelekwe polisi kwa sababu ya waya mmoja. Jina lake silisemi. Mwenyewe ameniruhusu niandike, ili wengine wajifunze.

KISA CHENYEWE

Kuna mama mmoja wa kwetu Kivu, anauza vitenge hapa mjini. Alijinyima miaka mingi akanunua Toyota ya mtumba, akampa dereva Mganda aifanyie kazi ya kukodisha, ile wanayoita speshali. Jumamosi moja dereva akaileta gerejini kubadilisha pedi za breki za mbele. Kazi nikampa yule kijana. Ana miaka 19, mkono wake mzuri, na breki anazijua. Jioni gari ikaondoka, breki safi kabisa.

Jumatatu alfajiri simu inalia. Dereva ananiambia, "Ssebo, gari imekufa." Anabonyeza rimoti, milango kimya. Amefungua kwa ufunguo wenyewe, ameingia, amewasha. Injini inawaka vizuri, inanguruma, unahesabu moja, mbili, tatu, imezima. Anawasha tena, moja, mbili, tatu, imezima. Tukaivuta kwa kamba mpaka gerejini.

Haukupita muda mama mwenyewe akafika, hata salamu haikutosha. "Fundi, gari yangu ilikuja nzima, imetoka mgonjwa. Huyu mtoto wako amefanya nini?" Njiani alikuwa amekutana na mjuzi mmoja aliyemwambia kompyuta ya gari imeungua. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na kodi ya nyumba yake ya miezi kadhaa. Akasema ikifika Alhamisi gari haijatembea, yeye na kijana watakutana polisi.

Kijana akasimama pale mikono imejaa grisi, anatazama chini. "Papa, miye breki tu ndiyo niligusa." Nami, nakiri mbele yenu, nikamfokea mbele za watu. Mama yake yuko hapo kambini na wadogo wanne. Sabuni na chumvi yao inatoka kwenye mkono huo wenye grisi. Hilo sikulikumbuka wakati ule.

DALILI MBILI, UGONJWA MMOJA

Sasa tuingie kwenye ufundi. Gari ilikuwa na shida mbili siku moja: haifunguki kwa rimoti, na injini haikai. Fundi mwenye haraka atatibu mlango peke yake na injini peke yake, akulipishe mara mbili. Fundi mwenye utulivu atajiuliza: mlango na injini vinakutana wapi?

Ukiangalia vizuri vinakutana sehemu chache tu. Vyote vinakula umeme wa betri moja. Mara nyingi vinapita kwenye fyuzi zinazokaa pamoja. Na vyote viwili vinaguswa na ulinzi wa wizi. Kwa hiyo tunaanzia hapo, na tunaanza na kile ambacho kukiangalia hakugharimu kitu.

Magari mengi ya hapa Uganda yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, maana na wao usukani wao uko kulia kama huku. Tangu sheria ya 2018, gari iliyopita miaka 15 tangu itengenezwe hairuhusiwi kuingizwa nchini. Lakini hata hizo zinazoingia zimeshakunywa mvua na vumbi, na waya zake zimeshapita mikono mingi. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye viungo vya waya, wala si kwenye kompyuta.

1. ANZA NA RIMOTI NA MLANGO

Rimoti ikikataa, jaribu ufunguo wa chuma kwenye tundu la mlango wa dereva. Hata zile rimoti za kisasa zisizo na ufunguo unaoonekana, mara nyingi ndani yake mna kijifunguo cha chuma, unakichomoa kwa kubonyeza kitufe kidogo pembeni. Kama tundu ni gumu kwa vumbi, usitie mafuta ya kupikia, yatashika uchafu na kuwa kama gundi. Kwangua ncha ya penseli, ule unga mweusi upake kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa.

Kisha jiulize: je, ni rimoti iliyokufa au ni gari isiyosikia? Fungua rimoti, tazama namba ya betri ndogo ya duara iliyomo, nyingi ni CR2032 au CR2016, weka mpya ya namba ileile. Ikiwa bado kimya, tazama taa ya ndani ya gari unapofungua mlango. Ikiwaka hafifu au isipowaka kabisa, usilaumu rimoti tena. Gari yenyewe haina nguvu ya kukujibu.

Na jueni jambo hili ambalo wengi wanalichanganya: kwenye gari ya kuzungusha ufunguo, betri ya rimoti ikifa haizuii injini kuwaka. Ile betri ni ya milango tu. Kinachoruhusu injini ni kitu kingine, nitakieleza.

2. PIMA BETRI, USIKISIE

Mita ndogo ya umeme ni rafiki wa fundi maskini. Gari ikiwa imelala, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12 imechoka sana. Wakati stata inazungusha, isianguke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, mita ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5, hapo ujue altaneta inachaji.

Ile gari ya mama ilisoma 11.8 ikiwa imelala. Nikasema moyoni, nimepata. Nikamuuliza kijana, "Jumamosi uliacha kitu kinawaka?" Akanyamaza. Nikadhani amesema hapana.

Kabla hujanunua betri, tazama vichwa vyake, vile vinavyoitwa temino. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, hapo umeme unapita kwa shida. Toa kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya. Osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kausha, kwangua mpaka chuma kione mwanga, kaza. Wakati wa kurudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Jikinge macho, ile ni asidi.

Na vijana, nawaomba kwa magoti: acheni ule mchezo wa kuchomoa temino gari ikiwa inawaka eti mjue kama altaneta ni nzima. Umeme unaruka juu ghafla, na hapo ndipo kompyuta inaungua kweli. Halafu utamwambia nini mwenye gari?

Fyuzi nazo usizisahau. Kwenye magari mengi fyuzi moja hulisha vitu viwili vitatu, kama taa ya ndani, milango na kumbukumbu ya kompyuta. Ukiikuta imekatika weka nyingine ya namba ileile. Usizungushie waya wala karatasi ya sigara. Gari inaungua, watu wamo ndani.

3. UFUNGUO WENYE CHIPU

Magari mengi ya miaka ya karibuni, ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo sana. Haina betri. Ukiingiza ufunguo, kuna duara la waya kuzunguka tundu la kuwashia, ndilo linaiamsha ile chipu, nayo inataja namba yake ya siri. Kompyuta ikiitambua, inaruhusu injini. Isipoitambua, injini haiwaki, au inawaka sekunde moja mbili na kuzima. Uingereza na nchi za Ulaya zililazimisha magari mapya kuwa na ulinzi huu tangu Oktoba 1998, na sasa umeenea mpaka kwenye mitumba yetu.

Utaujuaje? Tazama dashibodi. Kuna kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo au ya gari na kufuli. Ukiweka ufunguo na kufungulia umeme, kitaa kinatakiwa kizime. Kikiendelea kumetameta, gari inakwambia, "Sikujui wewe." Jaribu ufunguo wa pili kama upo. Ondoa funguo nyingine zenye chipu kwenye mnyororo huohuo, maana zikikaribiana zinachanganyana. Na yale magari ya kubonyeza kitufe, kama betri ya rimoti imekufa, igusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, mara nyingi itawaka.

Kwenye gari ya mama, kitaa kilizima vizuri. Basi tukajua ufunguo ni mzima. Tukaivuka hiyo.

4. HESABU SEKUNDE, TAZAMA MGUU

Injini inayozima ina lugha yake, isikilize namna inavyokufa.

Ikizima palepale unapoachia ufunguo urudi nyuma, shuku swichi ya umeme iliyo nyuma ya tundu la ufunguo. Ikikaa vizuri ukikanyaga mafuta lakini ikazima ukitoa mguu, njia ya hewa imeziba uchafu, au ile vali inayoshikilia mlio wa chini ndiyo mgonjwa. Ikitembea vizuri, ikapata moto ikazima, ikapoa ikawaka tena, shuku koili au sensa ya injini. Ikikohoakohoa na kukosa nguvu mlimani, angalia filta, plagi na mafuta machafu. Na kabla ya yote tazama kama mafuta yapo! Msicheke, nimeshavua tanki nzima nikakuta ni kavu.

Lakini ikizima kila mara kwa sekunde zilezile, hata ukikanyaga mafuta, hapo kuna kitu kinaamua kuikata. Uchafu hauhesabu sekunde, bwana.

(Unapojaribu haya yote, gari iwe nje. Moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa unaua kimyakimya.)

SIKU YA PILI

Turudi kwenye kisa. Jumatatu usiku tukachaji betri mpaka asubuhi. Jumanne tukaifunga, rimoti ikaitika, milango ikafunguka, injini ikakaa. Nikamwita dereva, akaondoka nayo anaimba. Nikajiona fundi mkubwa.

Saa nane mchana simu tena. Gari imezima katikati ya foleni, abiria wamo ndani, nyuma yake teksi zinapiga honi na boda zinapita huku na huku. Iliruka shimo moja tu, ikazima. Wakaisukuma pembeni. Rimoti kimya kama Jumatatu.

Nikaamua ni betri, imezeeka, haishiki chaji. Nikampigia mama nikamwambia atafute pesa ya betri mpya. Sauti yake ilibadilika. Akasema tu, "Fundi, hizo pesa ni za ada ya watoto." Akakata simu.

Jioni, tunafunga gereji, kijana akabaki nyuma. Anakunja matambara ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Nikamwambia, "Wee, sema." Ndipo akasema. "Papa, ni miye. Jumamosi niliacha milango wazi na redio ikipiga, tangu asubuhi mpaka nilipomaliza breki mchana. Taa za ndani pia zilikuwa zinawaka. Wakati wa kuondoka stata ilizunguka kwa shida. Niliogopa kusema."

Nikamuuliza kwa nini aliogopa. Akajibu kwamba mgeni akikosa kidogo wanasema ameiba. Sikuwa na la kumjibu, maana siku moja kabla ni mimi niliyemfokea.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Angesema Jumatatu tungeokoa siku nzima. Lakini na mimi, ningemuuliza kwa upole badala ya kufoka, si angesema? Tuligawana kosa.

Sasa angalieni jinsi ukweli unavyosaidia ufundi. Kama betri ilinyonywa na redio na taa mchana kutwa, basi 11.8 haikuwa uzee. Tukaipima tena: baada ya kuchajiwa ilibaki 12.5, na injini ikiwaka altaneta ilisoma 14.1. Betri nzima, altaneta nzima. Pesa ya ada ikapona hapo hapo. Redio ya kijana iliichokoza shida, lakini shida yenyewe ilikuwa imelala mahali pengine kabla yake.

NANI AMEKUFA KWANZA?

Jumatano asubuhi tukatoa kiti cha nyuma. Chini yake ndipo unapopita waya wa pampu ya mafuta katika magari mengi. Tukachukua testa ya taa, ile ya balbu ndogo yenye ncha na waya, tukaigusisha kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu. Nikamwambia kijana, "Washa. Mimi natazama taa, wewe sikiliza injini."

Stata ikazunguka, taa ya testa ikawaka, injini ikanguruma. Halafu taa ikazima. Injini ikaendelea sekunde moja na nusu hivi, ikakohoa, ikafa. Tukarudia mara tatu, ni vilevile: umeme wa pampu unakufa kwanza, injini inafuata.

Mnaona? Zile sekunde chache injini ilikuwa inamalizia mafuta yaliyobaki na presha kwenye bomba. Kama injini ingekufa kwanza na taa baadaye, tungetafuta upande wa moto, yaani koili na sensa. Lakini hapa kuna mtu kati ya betri na pampu anayekata umeme. Ni nani huyo mwenye mamlaka juu ya pampu na juu ya milango?

Tukalala chali chini ya usukani na tochi. Kulikuwa na kisanduku cheusi cha alamu, si cha kiwandani. Kilifungwa hapa mjini na mwenye gari wa zamani. Alamu za namna hii hufungua milango kwa rimoti, na pia hukata pampu ili mwizi asifike mbali. Tukafuata waya wake mmoja mmoja. Waya wa hasi, unaotakiwa kushika chuma cha bodi, ulikuwa umesokotwa na kubanwa chini ya skrubu yenye kutu, juu ya rangi. Ukiugusa kwa kidole unacheza.

Basi yote yakaeleweka. Betri ikiwa imejaa na barabara nzuri, kisanduku kilipata umeme wa kutosha kupitia kiungo hicho kibovu. Betri ikilegea, au gari ikiruka shimo, umeme wake unakatika kidogo. Kisanduku kinazimika, hakisikii rimoti. Kikiamka kinaamka kimejifunga, kinadhani gari inaibwa, kinakata pampu. Hivyo waya mmoja ulileta magonjwa mawili.

Tukakwangua kutu na rangi mpaka chuma kikang'aa, tukaweka kichwa cha duara kwenye waya, skrubu mpya, tukakaza. Rimoti ikaitika. Injini ikakaa nusu saa. Kijana akaipeleka mwenyewe kwenye barabara yenye mashimo, nami pembeni yake. Haikuzima. Kazi ilikula skrubu moja, kichwa cha waya na saa moja.

Mama alipokuja nilimwonyesha ile skrubu ya zamani. Kutu ya namna ile haitoki Jumamosi ikafika Jumatatu. Breki ziko kwenye magurudumu, kisanduku kiko chini ya usukani. Halafu kijana mwenyewe akamweleza habari ya redio, bila kutumwa. "Mama, hiyo ni yangu. Nisamehe." Mama akamtazama kwa muda. Akasema, "Na miye nilikuita mwizi kichwani mwangu kabla sijakuuliza. Nawe unisamehe, mwanangu." Akalipa ufundi. Ada ikaenda shule.

Mpaka leo gari hiyo ikiumwa, dereva anauliza kwanza kama yule kijana yupo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa vijana walio kazini: Mosi, gari ikiingia, kabla ya kugusa andika kwenye daftari: rimoti inafanya kazi? taa gani zinawaka kwenye dashibodi? inazima? Dereva aone na akubali. Daftari hilo ni shahidi wako. Pili, ukikosea sema siku hiyohiyo. Kosa lililosemwa ni kazi, lililofichwa ni kesi. Tatu, usibadilishe kitu ambacho hujapima. Spea nyingi zilizorudi Kisekka na Ndeeba kubadilishwa hazikuwa mbovu, zilinunuliwa kwa kukisia, na vifaa vya umeme wauzaji wengi hawavipokei tena.

Kwa wenye gari: kabla ya kukubali kununua kompyuta, muulize fundi maswali mawili tu. "Umepima nini?" na "Umeona nini?" Akikujibu, "Nimezoea tu hizi gari," shika ufunguo wako uondoke kwa heshima. Na ukinunua gari ya mtumba, muulize muuzaji kama kuna alamu iliyofungwa baadaye au swichi ya siri iliyofichwa. Watu wengi wanahangaika kumbe ni swichi chini ya zulia.

Kwa mafundi wakubwa wenzangu: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ya hapa Uganda inatupa haki ya kufanya kazi, na tunaishukuru. Lakini haki ya kuulizwa kabla ya kuhukumiwa, hiyo tunapeana sisi kwa sisi, gerejini.

MASWALI YENU

Swali: "Kijana wangu alikata ufunguo wa pili wa gari ya tajiri wake pale kando ya barabara. Unafungua mlango lakini injini haiwaki. Amedanganywa?"

Jibu: Si lazima. Amekatiwa chuma bila chipu, ndiyo maana mlango unakubali na injini inakataa. Unatakiwa ufunguo wenye chipu, kisha mtu mwenye mashine aufundishe gari iutambue. Fanyeni hivyo wakati ufunguo wa kwanza bado upo. Ukipotea huo, gharama inakuwa kubwa zaidi, maana gari inabaki bila anayeijua.

Swali: "Gari ikijifunga mtoto amo ndani na ufunguo umo ndani, tufanyeje?"

Jibu: Usihangaike na waya kwa muda mrefu huku jua linawaka. Joto la ndani ya gari linapanda upesi sana, na mtoto mdogo hawezi kulivumilia. Jaribu milango yote na buti haraka, mwite mwenye gari kama yuko karibu. Ikishindikana, vunja kioo kidogo kilicho mbali na mtoto, umtoe. Kioo kinanunuliwa.

Nimalizie na wazazi. Mtoto wako akiwa huku mjini, ukimpigia simu usimuulize tu ametuma nini. Muulize na anaogopa nini. Yule kijana angekuwa na mtu wa kumuuliza hivyo Jumapili, Jumatatu yetu ingekuwa nyepesi.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Maswali yenu mpeni mgawa gazeti, yatanifikia.

Ni mimi, fundi wenu wa Kampala.